Siku Mzito Alipotamka "Nyepesi"

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, ninyi mnaosubiri zamu kwa kinyozi na ninyi mliotumwa dukani mkasahau mlichotumwa! Wekeni simu zenu kifudifudi, nami niwasimulie tendo kuu ambalo wakubwa wa dunia hawakupata kulisikia, kwa kuwa siku ile walikuwa na shughuli zao. Sitawasimulia falme zilizoanguka wala majeshi yaliyovuka mito. Nitawasimulia jinsi mtu mmoja, mchana kweupe na mbele ya mashahidi, alivyochagua oili ya gari. Atakaye kucheka mapema na atoke sasa, maana mimi nilikuwapo, nimeketi juu ya tairi bovu mlangoni pa duka, na sipendi kukatizwa.

Ewe kijiti cha kupimia oili, uingiaye gizani ukatoka na ukweli, nipe ulimi wa kunena! Nawe kifuniko cha tundu la oili, uliyechorwa namba na mikono ya waundaji wako, ungalituambia yote pasipo vita wala mayowe. Lakini ulikuwa umekutana na shujaa wetu, naye alikusugua kila Jumapili kwa kitambaa, sabuni na mapenzi, hata namba zako zikaisha zote, ukabaki unang'aa kama sahani na huna la kusema.

Shujaa huyo mtaa mzima ulimwita Mzito. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la nafaka, mpima magunia, mtisha wapunjaji, ambaye akiinua kidole tu wachukuzi husimama na mizigo yao mgongoni wakangoja. Mwili wake ulikuwa mzito, hatua zake nzito, na hata salamu yake ilikuwa nzito, kwa maana hakusema "habari" pasipo kuvuta pumzi kwanza. Maisha yake yote aliamini kwamba kilicho kizito ni bora kuliko kilicho chepesi. Chai nyepesi aliirudisha jikoni, na mtu mwepesi hakumpisha kiti. Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na nilipojenga kibanda cha kuku alikuja akakisukuma kwa kidole, kikayumba, akaondoka bila kuaga.

Mkewe alikuwa mkunga, na gari lilikuwa lake yeye. Lilikuwa gari dogo la milango minne, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika na watu wasiojulikana, pamoja na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa herufi ambazo hakuna katika mtaa wetu aliyejua zinaanzia juu au chini. Simu ikilia alfajiri kwamba mama fulani ameshikwa na uchungu, mkunga aliingia garini huku akifunga kilemba, akaenda. Mzito, tangu alipostaafu, ndiye aliyelitunza. Na niseme wazi, maana ndilo jambo lenyewe: hapakuwa na kingine duniani ambacho mtu alimhitaji akifanye. Watoto walikuwa kwao. Jikoni alikwisha kufukuzwa. Ghalani palikuwa na mizani ya umeme na kijana wa kuibonyeza. Gari likitoka getini asubuhi, Mzito alijiona kama naye ametoka kwenda kazini, na aliona fahari mpaka saa ya chai.

Basi, mara ya mwisho alipobadilisha oili, alikwenda dukani akaomba iliyo nzito kuliko zote, akapewa iliyoandikwa ishirini W hamsini, akaimimina kwa heshima kama mtu anayemkaribisha mkwe. Tangu siku ile, kila alfajiri gari lilipowashwa lilipiga kelele. Ka-ka-ka-ka-ka! Tapeti, vile vyuma vidogo vya juu ya injini, ziligonga, mbwa wakajibu, nami nikakaa kitandani nikiwaza mabaya juu ya wazee wastaafu.

Siku moja asubuhi mkunga akaweka kikombe mezani akasema, "Baba watoto, hili gari linanitisha. Nikiwasha, linagonga utafikiri kuna mtu amefungiwa humo anataka atolewe."

Mzito akavuta pumzi. "Mke wangu," akanena, "ile ni sauti ya nguvu. Nimeitia injini oili nzito, oili ya watu wenye hadhi yao. Ile haigongi, ile inazungumza."

"Basi kaongee nayo inyamaze. Mbona zamani halikugonga? Mtu ananipigia simu mtoto anatoka, halafu mimi nianze kuwaza kama nitafika! Sitaki. Leo hii imwage hiyo oili, utafute inayofaa. Kesho likigonga tena, nampa kaka alitunze yeye."

"Kaka yako?"

"Kaka yangu. Kwani yeye hajui magari?"

Akachukua mkoba wake akaenda kliniki kwa miguu. Mzito akabaki mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliacha chai ikapoa. Kunyang'anywa gari lile kulikuwa sawa na kustaafishwa mara ya pili, na mara hii na mke wake mwenyewe.

Huyo kaka wa mkunga sina chuki naye, ananikera tu. Alikuwa dereva wa lori, bwana wa magurudumu kumi, mpiga honi pasipo sababu, mwenye kijiti cha meno mdomoni ambacho hakuna aliyepata kukiona kikitumika. Na bahati mbaya gani ile! Mzito alipofika kwenye duka la oili, akiwa ametandika kitambaa begani kama bendera, alimkuta shemeji yake huyo amesimama mbele ya rafu, lori lake limeegeshwa nje, boneti bado linafuka kwa joto la safari. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya faneli na mikanda ya feni. Tulimwita Bwana Ndiyo, kwa sababu katika biashara yake yote hakupata kumpinga mteja.

"Shemeji!" akanguruma dereva. "Umefuata nini huku kwa wanaume?"

"Nimefuata oili ya gari la dada yako," akajibu Mzito. "Ile niliyoitia inaleta maneno."

"Uliitia ngapi?"

"Ishirini W hamsini."

"Si ndiyo yenyewe! Oili nzito, oili ya kiume! Mimi lori langu natia nzito, linapanda milima linaimba. Bwana Ndiyo, nadanganya?"

"Ndiyo," akasema Bwana Ndiyo. "Yaani hudanganyi."

Mzito akaikazia macho rafu. Galoni zilikuwa zimesimama mistari kwa mistari, nyekundu, buluu na rangi ya dhahabu, kila moja na namba yake kifuani, jeshi kubwa lisilo na jemadari. Macho yake yalitua juu ya moja ya pembeni iliyoandikwa tano W thelathini. "Na hii ni ya nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ndugu mlevi.

"Hiyo nyepesi," akasema shemeji, akatema kijiti akatia kingine. "Hiyo haikuhusu. Nikufundishe? Hiyo W ni Watu. Tano W, gari la watu watano. Ishirini W, gari la watu ishirini. Namba ya pili ni mizigo."

Wajuao wanasema herufi ile waliiweka watu wa nchi za barafu kuwa alama ya baridi, kwamba namba ya kwanza inaeleza oili itakavyokuwa injini ikiwa baridi, na ya pili itakavyokuwa ikiwa ya moto. Lakini hapo dukani hapakuwa na mjuaji hata mmoja. Kwa hiyo tafsiri ya shemeji ilisimama kama sheria, na wanaume wawili wa kuziba pancha waliokuwa wakipita waliingia ndani ili kuisikiliza vizuri.

"Shemeji," Mzito akauliza taratibu, "gari la dada yako linabeba watu ishirini?"

"Si mkunga yule? Anaweza akaenda na mmoja akarudi na wangapi!"

"Ndiyo," akasema Bwana Ndiyo.

Hapo damu ya ghala ikamchemka Mzito. Akakumbuka yeye ni nani. Akanena, "Mimi sikuzaliwa kubishana kwa mdomo. Maneno ya nzito na nyepesi yana hakimu wake, na hakimu huyo nimekula naye chumvi maisha yangu yote. Leteni mizani!"

Duka la jirani lilikuwa la unga, na mizani yake ya magunia ikaletwa, imebebwa na wale wawili wa pancha, huku mama mwenye duka akifuata nyuma akisema irudi ikiwa safi. Mzito akaisawazisha, akapuliza vumbi, akaigonga ubavuni kama farasi wake wa zamani. Akaipandisha galoni ya ishirini W hamsini. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia. Akaishusha, akapandisha ya tano W thelathini, yenye ujazo uleule. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia palepale.

Mzito akarudia, mara hii ameshika pumzi. Palepale! Kama ilikuwapo tofauti, ilikuwa ndogo kuliko vumbi la gunia, na mizani ile haikujishughulisha nayo. Niliuona uso wake ukibadilika rangi, nami nilimhurumia kweli, maana si jambo dogo mtu kuambiwa na mizani yake mwenyewe kwamba kizito na chepesi ni ndugu mapacha.

"Bwana Ndiyo," akasema, "umeniibia. Ulinipa nzito, na nzito yako haina uzito."

"Ndiyo."

"Unakubali kwamba umeniibia?"

"Hapana mzee, hiyo ni ndiyo ya kuitikia tu!"

Shemeji akacheka mpaka akajishika mbavu. "Shemeji, unaiaibisha familia! Uzito wenyewe si wa kubeba. Ni uzito kama wa uji! Uji mzito unakaa tumboni, uji mwepesi unapita. Injini inataka shibe!"

Sikieni alivyojikwaa mwenyewe, yule bwana wa magurudumu kumi, maana alitaka kumzika adui naye akamwonyesha mlango wa kutokea. Mzito aliinua kidole. Wachukuzi hawakuwapo, lakini sote tulisimama.

"Kama ni uzito wa uji," akanena, "basi haupimwi kwa mizani, unapimwa kwa kumimina. Leteni bati!"

Nyuma ya duka, upande ambao jua lilikuwa halijafika, palikuwa na kipande cha bati kimeegemezwa ukutani, kina baridi ya usiku bado. Bwana Ndiyo akafungua galoni mbili, jambo ambalo kwa mteja mwingine asingelifanya, akachovya vijiti viwili vya kiberiti. Matone mawili yakawekwa juu ya bati, ubavu kwa ubavu. Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo lilipopigwa pambano ambalo watu wa pancha wanalisimulia hadi leo.

Tone jepesi halikungoja tarumbeta. Liliteremka mbio, likakwepa msumari, likaruka kutoka bonde moja la bati hadi jingine, likafika chini likaingia mchangani kabla yule mama wa unga hajamaliza kuuliza tunatazama nini. Na tone zito? Tone zito lilikaa. Lilikaa kama mgeni rasmi anayesubiri wimbo wa kumkaribisha. Likavimba kidogo mbele, likafikiri, likatambaa upana wa ukucha, likapumzika. Shemeji akalipigia makofi, akalitia moyo, akaliita kwa majina ya milima, nalo halikumjali.

"Ni baridi hii!" akafoka. "Injini ni moto, bwana! Mtu mzima anapimaje oili kwenye baridi? Nifuateni!"

Akanyakua bati, sote tukamfuata hadi kwenye lori, akalilaza juu ya boneti lenye kufuka, akasubiri lipate moto. Matone mapya yakawekwa. Na kweli, sitamnyima haki yake, mara hii tone zito liliamka. Lilishuka kama limekumbuka deni, na likafika mwisho likiwa limeachwa kidogo tu. Dereva akaruka juu. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Si linakwenda?"

Mzito aliinama, akachovya kidole katika njia ya tone jepesi lililopita motoni, akakisugua na gumba, polepole, mara nyingi. Utelezi ulikuwa bado upo, moto haukuumaliza. Akanyooka, na mle machoni mwake nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu huyu, yaani haya.

"Shemeji," akasema, si kwa sauti ya baraza, kwa sauti ya kawaida. "Dada yako huwasha gari likiwa la moto?"

"Hapana. Anawasha asubuhi."

"Asubuhi, oili yote imeshuka imekaa chini. Pale juu pamekauka. Anawasha, vyuma vinazunguka, vinaiita oili, na oili imekaa kama lile tone. Haiji. Hiyo ndiyo ile ka-ka-ka. Mimi ndiye niliyemwekea. Nilidhani nimempa cha heshima."

Lakini msidhani vita vilikuwa vimekwisha, maana kujua ni kitu kimoja na kutamka ni kingine. Tulirudi dukani, Bwana Ndiyo akasimama nyuma ya kaunta, mikono tayari, na Mzito, mpima magunia, mtisha wapunjaji, mrudisha chai jikoni, akafungua kinywa ili aagize.

"Nipe," akasema, "ile nyingine."

"Ndiyo, mzee. Ipi?"

"Ile."

"Ndiyo." Hakutikisika.

"Ile ambayo... ile isiyo nzito."

"Ndiyo, mzee, zisizo nzito ziko nyingi."

Shemeji akaegemea mlango, amepata nafuu. "Sema jina lake, shemeji! Tunakusikiliza sote. Sema unataka nini!"

Mama wa unga akaweka mikono kiunoni. Watu wa pancha wakasogea. Mzito akavuta pumzi, na ilikuwa pumzi ndefu kuliko salamu zake zote, kifua kikapanda, vifungo vya shati vikalalamika, akaitoa kwa neno moja lililotikisa faneli kwenye misumari yake:

"NYEPESI! Nipe tano W thelathini, oili nyepesi, nyepesi, nyepesi kabisa!"

"Mzito kanunua nyepesi!" akapiga kelele shemeji, akakimbilia nje ili mtaa nao usipitwe. "Jamani! Mzito kanunua nyepesi!"

Mzito akaipakata galoni yake kama mtoto mchanga, akatoka, akasimama mbele ya shemeji. "Chekeni," akanena. "Anayetaka kucheka acheke hadi ashibe. Dada yako alfajiri hatafuti heshima. Anatafuta kufika."

Shemeji akafungua mdomo, kijiti kikaanguka. Akapanda lori lake akaondoka, na kwa mara ya kwanza hakupiga honi.

Mchana ule Mzito alilala chini ya gari, akamwaga nzito ikatoka taratibu kwa kiburi chake hadi tone la mwisho, akabadilisha filta, akamimina nyepesi, akapima kwa kijiti, akafuta, akapima tena. Mkewe aliporudi hakumwambia kitu. Nami usiku nilijilaza nikijua kwamba alfajiri nitahukumiwa pamoja naye, maana ukuta ni mmoja.

Simu ikalia kabla ya jogoo. Nikasikia mlango, nikasikia mkunga akiuliza uchungu umeanza lini, nikachungulia dirishani. Baridi ilikuwa kali. Mzito alikuwa amesimama kando ya geti na fulana ya ndani, ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye gari, macho ameyafumba kama anayengoja kofi. Mkunga akaingia, akafunga mlango. Kimya. Mzito akangoja. Kimya bado. Mabega yakamshuka, na mimi huku dirishani nikasema basi, kwisha habari yake.

"Mke wangu," akaita, "usikate tamaa. Jaribu tena."

Kioo kikashuka. "Nijaribu nini? Nimewasha zamani, baba watoto. Nifungulie geti, mtu ananisubiri."

Naam! Pigeni makofi, enyi mliokaa na mliosimama! Gari lilikuwa linaunguruma kwa upole hata mwenye sikio lake hakulisikia, wala mbwa hawakulisikia, na mtaa mzima uliendelea kulala kwa hisani ya mtu mmoja ambaye haukujua kumshukuru. Andikeni, enyi wenye kalamu, kwamba katika enzi zetu alikuwapo mtu aliyeshindwa na mizani yake, akasimamia mbio za matone, akalitamka neno lililomchoma ulimi, na kwa ajili yake mtoto mmoja alizaliwa akamkuta mkunga yupo. Wajenge sanamu wakitaka, na waijenge pale kwenye bati.

Mzito akafungua geti. Gari likatoka, likasimama kidogo, na kioo kikashuka tena.

"Halafu hizi breki nazo zinalia," mkunga akasema. "Ukipata nafasi leo uniangalizie."

Akaenda. Mzito alisimama barabarani na fulana yake hadi taa nyekundu zilipokata kona, kisha akageuka na kuingia ndani upesi akaoge, maana alikuwa na kazi.